Majibu kwa Yanayosemwa Kuhusu Waliokata Utumbo

Mtu akirudi Sumbawanga amepungua kilo 30, maneno humfika nyumbani kabla yake. Yanaanzia stendi, yanapita sokoni, yanaingia kwenye vikoba na kwaya, na jioni yamekwisha kuwa hukumu: amekata utumbo, ni mvivu, amekata utumbo, hatazaa, hajakata utumbo wowote, anaumwa. Nayajibu hapa moja baada ya jingine kwa sababu yanadhuru. Yanamfanya mtu afiche matibabu yake, ale kwa kuogopa macho ya watu, aache vidonge na akwepe kliniki.

Kwanza tuelewane kinachofanyika mtu anaposemwa "amekata utumbo". Mwishoni mwa mwaka 2022 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza kuwawekea watu puto tumboni ili wapunguze uzito, na mwaka 2023 ikaanza upasuaji wenyewe. Kabla ya hapo wenye uwezo walikwenda India. Katika upasuaji unaofanywa zaidi duniani kwa sasa, karibu asilimia 80 ya mfuko wa tumbo hukatwa na kutolewa, kikabaki kipande chembamba chenye umbo la ndizi. Utumbo wenyewe hauguswi. Aina ya pili ni baipasi: daktari hutenga kijifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo mwembamba, hivyo chakula hupita kando ya sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Puto si upasuaji. Huingizwa kupitia mdomoni, na hutolewa baada ya miezi sita au mwaka mmoja kutegemea aina yake.

Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Upasuaji huchukua saa chache, mgonjwa hulazwa siku chache, kisha anarudi. Maisha yote yanayobaki anayaishi huku kwetu Ufipa, kwa chakula cha huku na watu wa huku. Kwa hiyo tunachosema na tunachompakulia kina uzito katika kupona kwake.

Dai la kwanza: "Unene ni tatizo la Dar. Sisi Rukwa tuna watoto wadumavu."

Nusu ya dai hili ni kweli, nayo ni nusu inayouma. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa asilimia 49.8 ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Huu ni mkoa unaolisha nchi kwa mahindi, na karibu nusu ya watoto wake hawafikii kimo chao.

Lakini utafiti huohuo ulikuta kwamba asilimia 36 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri. Mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 28. Mambo haya mawili hutoka jiko moja, kwenye sahani iliyojaa wanga ikiwa na mboga kidogo. Mtoto anayeshindia uji mtupu anadumaa. Mtu mzima aliyeacha jembe akakaa dukani au ofisini, akaendelea kula sahani ileile ya mlimaji na kuongeza chipsi, chapati na soda, ananenepa. Tena mtoto aliyezaliwa na uzito pungufu ana hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari na presha ukubwani, kwa hiyo utapiamlo wa leo ni chanzo kimojawapo cha wagonjwa wa kesho.

Anayesema fedha za umma zitangulie kwa watoto ana hoja, na mimi naungana naye. Ila mama mwenye kilo 130, kisukari na magoti yasiyompeleka shambani hajamnyang'anya mtoto yeyote chakula kwa kutibiwa. Wote wawili ni wa kwetu.

Dai la pili: "Hiyo ni njia ya mkato ya wavivu."

Mwili wa binadamu hulinda uzito wake. Ukijinyima chakula, tumbo huzidisha homoni ya njaa iitwayo ghrelini, iliyogunduliwa na wanasayansi wa Japani mwaka 1999, na mwili hubana matumizi ya nishati. Mtu hupungua kilo kumi kwa jasho, kisha njaa yake inaongezeka na kilo zinarudi. Wengi wanaofika kwenye upasuaji wamekwisha kupita njia hiyo mara nyingi. Sehemu ya tumbo inayokatwa ndiyo inayotoa ghrelini kwa wingi, na ndiyo maana njaa hupungua.

Tena upasuaji haufanywi kwa kila anayetaka kupendeza. Mwongozo uliotolewa mwaka 2022 na vyama vya kimataifa vya wapasuaji wa fani hii unaanzia kwenye kiwango cha uzito kwa urefu cha 35, yaani mtu wa sentimita 160 awe na kama kilo 90, au kiwango cha 30 kwa mwenye ugonjwa kama kisukari.

Kisha tazama kazi inayofuata. Wiki ya kwanza na ya pili ni vimiminika tu, vinavyonywewa kwa mafunda madogo siku nzima. Baada ya hapo ni chakula cha kusaga, kisha laini, na chakula cha kawaida huja taratibu kuanzia wiki ya sita hadi ya nane. Kila siku kuna vidonge, kuna kutembea, kuna kuhesabu maji. Hakuna mvivu anayeiweza ratiba hiyo.

Dai la tatu: "Kupungua vile ni ngoma, au kuna mtu kamchezea."

Hili ndilo dai baya kuliko yote, na ndilo linalosemwa kwa sauti ya chini zaidi. Linaonekana kuwa na ushahidi, kwa hiyo tuuchukue ushahidi wenyewe.

Amepungua haraka mno, wanasema. Ndivyo inavyotakiwa. Uzito hushuka kwa kasi katika miezi sita ya kwanza, kisha kasi hupungua, na wengi husimama kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Uso unaingia ndani na ngozi ya mikono inalegea, kwa sababu mafuta yaliyoishikilia yameondoka.

Nywele zinakatika. Kweli, mara nyingi kuanzia mwezi wa tatu hadi wa sita. Mshtuko wa upasuaji na kupungua kwa kasi huzifanya nywele nyingi ziingie mapumzikoni kwa pamoja, kisha zidondoke kwa pamoja. Huota tena, mradi mtu apate protini, madini ya chuma na zinki ya kutosha. Mama aliyejifungua hupitia hali hiyohiyo, na hakuna anayemshuku.

Anavaa sweta mbili. Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, na Juni na Julai upepo wa Ufipa unamtafuta hata aliyenona. Mtu aliyepoteza mafuta chini ya ngozi na anayekula kidogo husikia baridi kuliko zamani. Mpe chai ya moto isiyo na sukari na nafasi karibu na jiko.

Kuhusu UKIMWI, yaani hiyo "ngoma", dai hili linawakosea watu wawili. Linamkosea aliyefanyiwa upasuaji, na linamkosea anayeishi na virusi, kana kwamba ugonjwa wake ni tusi. Anayemeza dawa zake vizuri anaishi, analima, anazaa na kunenepa kama wengine. Wembamba haupimi damu.

Kuhusu uchawi nitasema wazi, kwa sababu mji wetu umebebeshwa sifa hiyo nchi nzima, na sisi wenyewe tusiubebeshe zaidi. Katika nchi hii wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, hasa akina mama wenye macho yaliyokuwa mekundu kwa miaka ya moshi wa kuni. Neno "amechezewa" halikomei kwa mgonjwa. Linatafuta mtu wa kumlaumu. Na mgonjwa mwenyewe hupelekwa kunyweshwa dawa za kutapisha na kuharisha. Kwa aliyepunguzwa tumbo hilo ni hatari halisi. Kutapika mfululizo humaliza vitamini B1 mwilini, na ikiisha, ubongo na mishipa ya fahamu huharibika: mtu anayumba, macho hayatulii, akili inachanganyikiwa, na madhara yanaweza kubaki moja kwa moja.

Zipo dalili za kuogopa kwa haki. Ni kutapika kusikokoma au kushindwa kushika hata maji kwa siku nzima, homa, maumivu makali ya tumbo, mapigo ya moyo kwenda mbio hali mtu amekaa, choo cheusi kama lami. Ukiziona, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Kikohozi kikizidi wiki mbili, akapime kifua kikuu kama mtu mwingine yeyote.

Dai la nne: "Bila ugali hujala, na chakula chake hakipatikani huku."

Haya ni madai mawili yaliyovaa nguo moja. La kwanza linasema ugali ndio mlo. La pili linasema aliyefanyiwa upasuaji lazima aishi kwa makopo ya poda kutoka maduka makubwa ya Dar. Yote mawili yanaangushwa na soko letu lenyewe.

Kinachohitajika kwanza ni protini, angalau gramu 60 kwa siku, ili mwili unaopungua ule mafuta yake na usile misuli. Yai moja lina kama gramu 6. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama gramu 15. Gramu 100 za samaki aliyepikwa zina zaidi ya 20. Migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika hutufikia kutoka Kasanga, Kipili na Kirando, wabichi, wakavu au waliobanikwa. Maharage tunalima wenyewe. Kuku, mayai na maziwa vipo. Poda ya protini inaweza kusaidia wiki za mwanzo kwa mwenye fedha, lakini kazi yake inaweza kufanywa na maziwa, supu ya samaki iliyochujwa na, wakati ukifika, maharage yaliyochemshwa sana yakapondwa na kupitishwa kwenye chujio ili kuondoa maganda.

Dagaa wakavu wanastahili sifa zao. Waondoe mchanga, waoshe, uwakaushe tena juani, uwakaange bila mafuta kisha uwatwange na kuwachekecha. Kijiko cha unga huo kwenye mchuzi au maharage kinaongeza protini, na kwa kuwa mifupa imesagwa humohumo, kinaongeza kalsiamu pia.

Na ulezi? Wafipa walikuwa wanakula ulezi kabla mahindi hayajatawala uwanda huu, nao una kalsiamu mara nyingi zaidi ya unga wa sembe. Aliyepunguzwa tumbo anaweza kuula. Tatizo ni namna tunavyouandaa. Uji mzito wenye sukari vijiko vinne huteleza haraka, huingia kwenye utumbo kwa mpigo na kuinua sukari ya damu. Uji mwepesi usio na sukari, uliotiwa maziwa au karanga zilizosagwa laini, ni kitu kingine kabisa.

Sasa tuitazame sahani yenyewe, mtu akiwa amefika miezi minne au mitano. Ni sahani ya chai. Pembeni kuna kipande cha mgebuka kilichotolewa miiba yote, vijiko viwili vya maharage, mboga za majani kidogo, na tonge moja la ugali laini. Anaanza na samaki. Anachukua kipande kidogo, anakitafuna mpaka kimekuwa rojo mdomoni, anameza, anaweka kijiko chini. Halafu maharage, halafu mboga. Ugali unakuja mwisho, ikiwa bado kuna nafasi, kwa sababu ugali mgumu hukwama na hujaza tumbo dogo kabla protini haijaingia. Mlo huo unamchukua kama nusu saa. Kwikwi ikija, au makamasi membamba yakianza kutoka puani, au kifua kikibana, tumbo linasema limejaa, naye anaacha hata kama kijiko kimekwisha kuinuliwa. Maji hayapo mezani. Atayanywa nusu saa baadaye, kidogo kidogo kutoka kwenye chupa anayotembea nayo, mpaka jioni yafikie angalau lita moja na nusu.

Mtihani wake mkubwa uko msibani na harusini. Sinia linakuja limejaa, wenzake wananawa, na shangazi anamsukumia tonge: "Kula mwanangu, usituaibishe." Anayesema hivyo anasema kwa upendo, na tumelelewa kujua kwamba kukataa chakula cha mwenyeji ni kumkataa mwenyeji. Lakini tonge la pili la kumridhisha shangazi linaweza kumtoa nje akatapike, na kutapika huko ndiko watu watakakokufanya ushahidi wa dai la tatu. Heshima ya kweli ni kumwachia mgeni ajipakulie mwenyewe kwenye sahani yake, na asiulizwe mbele za watu kwa nini amebakiza. Shangazi akilifanya hilo mara moja, ukoo mzima utajifunza.

Dai la tano: "Kimpumu ni chakula, na soda ni ya kushushia."

Ulezi ukishakuwa pombe ya kimpumu, kilichobaki cha kumjenga mtu huyu ni kidogo, na kilevi kimeongezeka. Baada ya upasuaji, pombe hupita tumboni haraka na kufika kwenye damu kwa kasi na kwa kiwango cha juu kuliko zamani. Kiasi ambacho zamani kilimchangamsha tu sasa kinaweza kumwangusha, na akiendesha pikipiki anahatarisha roho yake na ya abiria. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa matatizo ya ulevi yalipanda kutoka asilimia 7.6 kabla ya upasuaji hadi asilimia 9.6 katika mwaka wa pili. Wengine walioacha kujiliwaza kwa chakula hujikuta wanajiliwaza kwa mrija wa kimpumu. Anayekaa na wenzake kilabuni asilazimishwe kunywa kwa sababu tu alikuwa mnywaji zamani.

Soda ina makosa mawili. Gesi yake hutanua tumbo dogo na kuleta maumivu. Sukari yake, hasa kwa waliofanyiwa baipasi, huingia kwenye utumbo kwa mpigo: ndani ya nusu saa mtu anatoka jasho, moyo unaenda mbio, kichwa kinazunguka, kisha anaharisha. Juisi za chupa na chai ya sukari nyingi huleta yaleyale.

Dai la sita: "Ameshapona. Vidonge na kliniki za nini tena?"

Kupungua si kumaliza matibabu. Mtu anayekula kidogo maisha yake yote hupata vitamini na madini kidogo, na kwa baipasi hata anachokula hakifyonzwi kikamilifu. Vidonge vya vitamini na madini, kalsiamu pamoja na vitamini D, madini ya chuma na vitamini B12 ni vya maisha, kwa kipimo alichoandikiwa na daktari wake. B12 inadanganya wengi. Mwili huwa na akiba yake ya miaka kadhaa, hivyo aliyeacha vidonge hujiona mzima mpaka siku miguu inapoanza kufa ganzi na kuchoma. Damu nayo hupungua polepole, na chai inayonywewa mara tu baada ya mlo huzuia chuma kufyonzwa. Chai ingojee saa moja.

Upande wa pili wa dai hili ni dawa za zamani. Kisukari na presha hushuka kwa wengi baada ya upasuaji, kwa baadhi ndani ya siku chache, kabla hata uzito haujashuka sana. Anayeendelea na dozi ileile ya insulini anaweza kuishiwa sukari akaanguka. Anayeacha dawa zote kwa uamuzi wake anaweza kupata kiharusi. Dozi hupunguzwa na daktari, kwa vipimo.

Halafu kuna duka la dawa. Mtu ametoka kupalilia, mgongo unauma, anasimama kaunta na kuomba "diklo" ya buku, kama alivyofanya miaka yote. Muuzaji anafunga vidonge kwenye karatasi, kwa sekunde chache biashara imekwisha. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo, hasa baipasi, diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kusababisha kidonda pale palipounganishwa, kikavuja damu. Aombe parasetamoli, na aseme wazi: "Nimefanyiwa upasuaji wa tumbo." Muuzaji naye aulize kabla ya kufunga. Swali hilo moja linaweza kuokoa maisha.

Kuhusu umbali wa kliniki: si kila ziara lazima iwe Dar. Wingi wa damu, sukari, presha na uzito vinaweza kupimwa hapa mkoani, na majibu yakasomwa kwa simu na timu iliyompasua. Kinachokosekana mara nyingi ni karatasi. Usiondoke hospitali bila muhtasari wa maandishi unaosema aina ya upasuaji, tarehe, dawa, na vipimo vya kufanya mwezi wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili na kila mwaka baada ya hapo. Utunze kama unavyotunza kadi ya kliniki ya mtoto, na umwonyeshe kila daktari anayekuhudumia, hata kama umekwenda kwa malaria.

Dai la saba: "Mwanamke aliyekata utumbo hatazaa."

Mara nyingi hutokea kinyume. Unene uliokithiri huvuruga homoni na hedhi, na uzito ukishuka yai huanza kupevuka kwa utaratibu. Wapo waliokaa miaka bila mtoto wakashika mimba ndani ya mwaka wa kwanza. Hatari iko hapohapo, kwa sababu mwaka huo mwili unapungua kwa kasi na akiba ya virutubisho ni ndogo. Ushauri wa wataalamu ni kungoja miezi 12 hadi 18. Vidonge vya uzazi wa mpango visitegemewe baada ya baipasi au kwa mtu anayetapika, kwa kuwa huenda visifyonzwe vya kutosha. Kijiti au kitanzi ni salama zaidi, na huduma hiyo hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Mimba ikija, mama aanze kliniki mapema na aseme alichofanyiwa. Atahitaji foliki asidi, chuma na B12 vinavyofuatiliwa kwa karibu. Kipimo cha sukari cha kunywa glukosi kinaweza kumwangusha kwa jasho na kizunguzungu, hivyo mkunga atafute njia nyingine ya kumpima. Katika mkoa ambao karibu nusu ya watoto wamedumaa, lishe ya mama huyu tangu siku ya kwanza ni jambo la ukoo mzima, na mume wake ndiye wa kwanza kulijua.

Dai la nane: "Atanenepa tena tu, kwa hiyo ni hasara."

Uzito kurudi kidogo ni kawaida, na mtu aambiwe hivyo mapema ili asikate tamaa. Ila "kidogo" na "wote" ni mbali. Nchini Sweden, kuanzia mwaka 1987, watafiti waliwafuatilia watu 4,047 wenye unene uliokithiri, karibu nusu yao wakifanyiwa upasuaji na wengine wakipata matibabu ya kawaida. Miaka kumi baadaye waliofanyiwa baipasi walikuwa bado chini kwa wastani wa asilimia 25 ya uzito wa mwanzo, wakati wale wa matibabu ya kawaida walikuwa karibu palepale walipoanzia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha pia kuwa vifo vilikuwa vichache kwa waliopasuliwa.

Kwa mtu wa kilo 120, asilimia 25 ni kilo 30. Ndizo zinazomwezesha kupanda kilima cha shambani bila kusimama mara tatu, kulala bila kukoroma hadi pumzi inakatika, na kuinama afunge viatu vyake. Anayeongezeka tena kupita kiasi mara nyingi amerudi kwenye vitamu vya kimiminika na kudokoa siku nzima, au amebaki peke yake na huzuni isiyotajwa. Hilo linatibika akirudi kliniki. Halitibiki akichekwa.

Puto ni suala jingine. Likishatolewa, nafasi ya tumbo inarudi kama zamani, na asiyejifunza kula katika miezi aliyokuwa nalo atarudi alikotoka. Anayelichagua ajue hivyo kabla hajalipa.

Baada ya majibu hayo nina maombi matatu. Halmashauri zetu zina maafisa lishe. Wawahesabu watu hawa katika kazi yao, wawafundishe kujenga mlo kwa migebuka, dagaa, maharage na ulezi, kama wanavyowafundisha akina mama wa watoto wadogo. Wauza dawa waulize kabla ya kufunga diklofenaki. Na sisi wengine, ndugu na majirani, tuache kumlazimisha mtu tonge na tuache kumpima damu kwa macho. Ukitaka kujua hali yake, mwulize mwenyewe, faraghani, kisha amini anachokujibu.